Weka Kwenye Jivu Hadi Saa Nne

Voi,
11 Machi 2024

Mpendwa Mjomba Obadiah,

Kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango. Nakuomba kwa ajili ya Mama, dada yako, yaliyomo humu yasitoke. Asiambiwe yeye, asiambiwe mchungaji, asiambiwe hata Zubeida muuza vitunguu aliyekuletea bahasha. Ukimaliza kusoma, itie jikoni chini ya sufuria. Ningekutumia ujumbe wa simu, lakini simu yako husomwa na kila anayepita, na masikio yako hayapokei tena sauti ya simu. Barua utaisoma mwenyewe. Ndiyo sababu nimechagua barua.

Mama anakusalimu. Goti bado linamsumbua, na wiki iliyopita tembo waliingia tena kwetu Marungu wakapindua tangi la maji. Amelifunga kwa mnyororo kwenye mti, eti wakirudi walibebe na mti wake. Mvua bado hatujaiona.

Sasa neno lenyewe. Huu ni mwaka wangu wa pili wa ukarani katika karakana hii. Kazi yangu ni michoro: kuisajili, kuitolea nakala, na kuifasiri. Injinia wetu, Elvis, huandika maelezo kwa Kiingereza, na mafundi wengi hawakipendi, kwa hiyo kila kazi hutoka na karatasi ya maelekezo ya Kiswahili iliyochapwa mezani kwangu.

Mwaka jana shamba moja la mkonge lilituletea silinda ya mashine ya kufungia marobota. Ilikuwa ya ng'ambo, imechakaa, na kuagiza nyingine kungechukua miezi mitano. Bosi, Bwana Ndeti, akasema tutaitengeneza hapa. Tulidhani ni kunakili tu. Kumbe kifuniko cha nyuma cha ile ya zamani kilifungwa kwa uzi mrefu kama wa skrubu uliokatwa ndani ya bomba, na mashine yetu ya kukerezea haiwezi kukata uzi wa upana ule bila kutetemeka. Tulijaribu mara tatu, kila mara meno yakatoka yamekwaruzika. Elvis akachora kifuniko cha boliti. Boliti zikagonga fremu. Akachora cha kuzuiwa na pete iliyokaa ndani ya mfereji. Hesabu zikaonyesha bomba litadhoofika palepale penye mfereji. Mwisho akaamua kifuniko kichomelewe. Ila chuma tulichokuwa nacho ni kigumu, cha shafti, kinachotaka kupashwa moto kabla ya kuchomelewa na kupoa polepole baadaye. Tukajaza pipa jivu kavu la kuni, silinda ikazikwa humo.

Ilipojaribiwa tuliipa presha mara moja na nusu ya ile ya kazi, na haikuvuja hata tone. Ikafanya kazi siku arobaini na moja. Tarehe 28 Februari kifuniko kilichomoka, kikampiga mwendesha mashine kifuani. Jina lake Mwangangi. Yuko hospitali na hapumui bila mashine.

Aliyechomelea ni Kiema. Unamjua kuliko mimi. Ulimfundisha wewe, na ni wewe uliyemwombea kazi hapa. Amefukuzwa. Wanasema aliitoa silinda kwenye jivu mapema, na kuna maneno ya kumshtaki. Chumba chake kimefungwa, hakuna ajuaye alikokwenda.

Nina swali la kiufundi tu. Silinda kama hiyo ikitolewa kwenye jivu baada ya masaa mawili badala ya manane, inaweza kuachia siku arobaini baadaye? Au kuna sababu nyingine ambayo mtu angeweza kuitafuta? Nauliza ili nielewe ninachokisajili.

Mpwa wako,
Lois Wakesho


Mata,
siku ya pili ya Aprili

Mpwa wangu Lois,

Barua yako imefika na imesomwa. Zubeida alikaa nayo juma zima chini ya gunia la vitunguu, hadi sasa inanuka. Anasema siku hizi watu hawaandikii hata wachumba wao, wewe unamwandikia mzee nini? Nikamwambia unanitumia mistari ya Biblia. Hakuamini.

Mwandiko huu si wangu. Mkono umeanza kutetemeka, kwa hiyo nasema na mtu anaandika. Mama yako asijue, asije akapanda gari na goti lile. Huku ndizi zimependeza, na mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mimi ni mzima.

Kuhusu swali lako, ndiyo, inaweza. Chuma kile kikitoka motoni na kupigwa na upepo wa asubuhi, kinajikaza, na ufa mwembamba kama unywele unabaki ndani ya mshono. Hauonekani wala hauvuji, na presha ya majaribio inapita. Kisha kila robota linalofungwa linaufungua kidogo. Siku arobaini si ajabu. Uzi ukikosewa, fundi anauona kabla hajaufunga. Mshono ukikosewa, unanyamaza. Injinia wako hakukosea kuacha uzi, kwani hakuwa na mashine ya kuukata. Lakini alipochagua moto alichagua pia saa ya kupoa, na saa hiyo lazima ilindwe na mtu.

Kiema alikaa nami miaka mitano. Ni mbishi na anakula pilipili kama mboga, lakini sijamwona akitoa chuma kwenye jivu kabla ya wakati aliopewa. Kwa hiyo usiniulize kama aliitoa mapema. Mimi nakuuliza alipewa wakati gani.

Tena hukusema mlitengeneza silinda ngapi kwa mchoro huo.

Mjomba wako,
Obadiah


Voi,
19 Mei 2024

Mpendwa Mjomba,

Nisamehe kimya changu. Mvua ilipokuja ilikuja yote pamoja, na Zubeida hakuonekana sokoni kwa majuma matatu. Mama ni mzima. Tangi limesimama, tembo wamehamia kwa jirani, na Mama amepata usingizi na aibu kwa pamoja. Nimefurahi kusikia habari za mapacha wa mbuzi. Mkono wako unanitia wasiwasi.

Mwangangi alifariki mwisho wa Aprili. Karakana ilinituma mazishini na shada la maua lenye jina letu. Mkewe alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuja.

Aliyekuandikia ana mwandiko safi. Nadhani ni mwanafunzi wa jirani. Mjomba, hii usimpe. Vaa miwani uisome mwenyewe, hata ikikuchukua siku mbili.

Uliuliza Kiema alipewa wakati gani. Injinia aliandika kwa Kiingereza kwamba silinda ikae ndani ya jivu hadi nne, kwa saa ya Kizungu. Unajua wanavyohesabu wao. Nne ya jioni kwao ni saa kumi yetu. Mimi nilikuwa na karatasi sita za kufasiri asubuhi ile. Niliona tarakimu 4, vidole vikaandika "Weka kwenye jivu hadi saa nne." Shuleni nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili, Mjomba. Jambo hili hata mtoto wa darasa la pili halimpotezi.

Na sikuishia hapo. Kiema alimaliza kuchomelea saa mbili asubuhi. Akaja mezani kwangu na glavu mkononi, akasema, "Dada Lois, hii ni saa nne tu? Chuma kizito hivi?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Ndivyo Injinia alivyoandika."

"Masaa mawili tu, dada?"

"Kwani fundi, wewe ndiye uliyesomea uinjinia?"

Akacheka. Alisema, "Haya, mwalimu," akaenda. Saa nne kamili akaitoa. Hata kwenye kadi ya kazi aliandika hivyo, kwa sababu hakuwa na cha kuficha.

Siku ya pili baada ya ajali bosi aliniita. Elvis alikuwa pale, anatazama simu yake.

"Lois, karatasi ya Kiema ilisema saa ngapi?"

"Saa nne, bosi."

"Hapana. Soma ya Injinia. Inasema ngapi?"

"Nne... yaani kumi."

"Basi ilisema kumi. Kaichape vizuri, tarehe ni ileile. Ile nyingine iingie motoni."

Akanitazama, si kwa ukali, Mjomba, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Hapa wanakula watu ishirini na sita. Na wewe ni mmoja wao. Unataka tuseme ni nani aliyekosea?"

Elvis akasema, "Ni kosa la uchapaji tu, Lois," akarudi kwenye simu.

Nikaichapa.

Jioni Kiema akaletwa ofisini, mbele ya bosi na Injinia. Akaniambia, "Dada, nisomee tena ile karatasi." Nikasoma: hadi saa kumi jioni. Akaichukua, akaisogeza karibu na dirisha. Elvis akamwambia, "Fundi, hata saa umeanza kuisoma kwa Kikamba?" Alinitazama mimi muda mrefu, kama mtu anayengoja kurudishiwa chenji, kisha akasema, "Mimi nilisoma nne. Basi labda macho yangu ndiyo yameanza kuchoka." Akaiweka mezani taratibu, akaondoka.

Karatasi ya kwanza sikuichoma. Ilikaa ndani ya bahasha ya gasketi kwenye droo yangu. Juma hili droo zote zilipekuliwa, wakati huo nikiwa nimeivaa ndani ya kiatu. Siwezi kuendelea hivi. Imo ndani ya bahasha hii, imekunjwa mara nne. Ina alama ya mafuta ya kidole cha Kiema. Iweke chini ya sanduku la vifaa vyako, usiniambie kitu juu yake, na usinihukumu kwa maandishi. Afisa wa kazi wa serikali ameanza kuuliza maswali, na jina linalotajwa ni la Kiema peke yake. Nikisema, nafungwa mimi. Nisiposema, sijui.

Lois


Mata,
24.6.2024

Lois,

Mama yako na watu wote wa nyumbani nawasalimu. Mbuzi mdogo mmoja amekufa. Mahindi yameoza shambani kwa maji.

Nimekaa na barua yako majuma manne, na kosa la kuchelewa ni langu. Kuna jambo nilikuficha, nikasingizia mkono. Ni macho. Jicho la kushoto lilifungwa na mtoto wa jicho mwaka juzi, la kulia likafuata baada ya Krismasi. Naona mlango kama weupe tu. Nilijua mama yako angeuza ng'ombe, na mimi sitaki ng'ombe auzwe. Barua zako nasomewa. Ya kwanza uliniambia nifunge mlango, na aliyenisomea maneno hayo alikuwa tayari amekaa ndani. Alikuwa amekuja kwangu siku tatu kabla yake, hana pa kulala. Sikumfukuza, na sikukwambia. Nilitaka ujibu swali langu, na nilijua ukisikia hungejibu.

Hii ya tatu aliisoma hadi pale uliposema "fundi, wewe ndiye uliyesomea uinjinia." Hapo akaiacha barua. Nikasikia anatoka. Alichota maji akajaza pipa ambalo lilikuwa limejaa. Nilisikia yakimwagika chini. Aliporudi akaanza tena mwanzo wa mstari uleule, akasoma hadi mwisho bila kuruka neno. Ya macho kuchoka pia aliyasoma.

Baadaye tulikula. Usiku hakulala.

Karatasi uliyoleta tunakurudishia. Nilimwambia ni yake, akitaka aende nayo Voi kesho, hakuna atakayemlaumu. Amekataa. Anasema ikitoka mkononi mwake watasema ameichapa mwenyewe mtaani. Anasema karatasi hii ina mkono wa kuitoa, na si wake.

Wewe umeandika kurasa tano, na bado hukunijibu zilikuwa ngapi. Nauliza mara ya mwisho.

Obadiah


Voi,
1 Julai 2024

Mjomba wangu,

Ungemwambia Mama tu, ng'ombe angeuzwa na ungeona. Nimemwambia mimi. Amelia, kisha amekasirika, sasa anapanga safari. Msubiri, na umtandikie kitanda kisicho kirefu kwa sababu ya goti.

Zilikuwa tatu. Nilishindwa kuiandika tarakimu hiyo kwa miezi mitatu kwa sababu nilijua ukiisoma utauliza nyingine ziko wapi. Zote tatu zilichomelewa asubuhi moja, kwa karatasi moja, zikatoka kwenye jivu saa ileile. Ya pili iko stoo. Ya tatu iliuzwa Ronge, kwa kikundi cha akina mama wanaofyatua matofali kwa mashine ya presha. Kila siku tangu Februari nimeamka nikiwaza tofali.

Juzi nilimpigia mwenyekiti wao, Teresia. Nikamwambia wazime mashine, wasiiguse hadi silinda ibadilishwe.

Akaniuliza, "Hiyo ni amri ya nani? Tuna oda ya shule hapa."

Nikasema, "Yangu."

"Wewe ni nani huko?"

"Karani. Mimi ndiye niliyeandika karatasi."

Nikasikia akiita kwa sauti, "Jamani, zimeni!" Na mlio uliokuwa nyuma ya sauti yake ukakatika. Nilikaa chini sakafuni, Mjomba, pale pale ofisini. Elvis alipita akaniuliza kama nimeshiba vibaya.

Sasa maneno haya si yako, Mjomba. Ni ya huyo anayekusomea. Tafadhali mwache asome, hata akitoka nje katikati.

Kaka Kiema.

Tarehe ya barua iliyopita ilikuwa na nne mbili. Mguu wa mwisho wa kila nne umeukata kwa mstari mdogo, kama mtu anayefunga boliti. Nimesajili kadi zako miaka miwili. Nne hiyo ni ya mtu mmoja tu. Nadhani ulijua nitaiona. Zile barua za kwanza nilizisema nikidhani nasema na mjomba wangu peke yake, na wewe ulinisikia zote, ukaandika majibu yake kwa mwandiko mzuri, na hukuongeza hata neno lako moja.

Macho yako hayakuchoka. Ulisoma sawasawa. Uliuliza sawasawa. Nilikuona unangoja niseme, na sikusema. Sina njia ya kuliweka hili vizuri.

Jumatano, tarehe 17 Julai, afisa wa kazi anatusikiliza. Bosi anafikiri nakwenda kuthibitisha sajili. Nitakwenda na karatasi zote mbili, ile yenye kidole chako na ile niliyoichapa baadaye, na kadi yako. Nitasema nilivyoandika, nilivyokujibu, na nani aliniambia nichape upya. Naogopa sana. Usiku nayasema maneno hayo kwa sauti ndogo nikiwa na blanketi mdomoni ili Mama asisikie. Lakini nitakwenda, ukija au usipokuja.

Ukija, usinipigie simu. Laini hii ni ya karakana na nairudisha Ijumaa. Usipite mbele ya lango letu, mlinzi ameonyeshwa picha yako. Shuka sokoni, nenda kwenye vitunguu vya Zubeida, kibanda cha mwisho chenye turubai la bluu. Yeye anajua kwamba unakuja, hajui kwa nini, na usimwambie hata akikupa chai. Atakuonyesha njia ya nyuma inayotokea ofisi ya kazi. Nitakuwa kwenye benchi la mbao nje ya mlango wa pili, nimevaa sweta ya kijani, tangu saa mbili.

Mlango utafunguliwa saa nne. Nimeiandika kwa maneno, na nimeisoma mara tatu kwa sauti kabla ya kufunga bahasha: saa nne asubuhi, Kaka Kiema, ileile uliyoisoma wewe.

Lois Wakesho